Mtani Kwenye Sivii

Ikwiriri, Jumatatu

Mdogo wangu Haruna,

Salaam aleikum. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia imeili. Sisi wazima, ufuta tumeshavuna.

Haruna, hivi mdhamini gani yule uliyemweka kwenye sivii? Mzee Abdulazizi ni mtani wetu! Kampuni ya kompyuta imempigia leo kuuliza habari zako. Kusikia jina lako tu, utani ukampanda: “Huyo? Mwizi wa kuku! Hata redio hajui kuwasha!” Wakakata simu.

Mtoe, mweke mwalimu wako. Na ile programu uliyowatengenezea wauza kaa wa deltani, mbona hukuiandika?

Mzee amelia sana alipojua ilikuwa simu ya kazi yako. Sasa yumo ndani ya basi, anakuja huko ofisini kwa hiyo kampuni kulisafisha jina lako. Wahi ukamzuie mlangoni. Ana jogoo kwapani.

Dada yako,
Mwantum