Waridi Halipendi Joto la Kahe

Jumanne

Leo nimempa binti yangu Anjela jani la isale, ambalo kwetu ni la kuombea msamaha, ili anisamehe kabla sijafa. Alikuwa apeleke miche yake yote ya mawaridi Kahe, kwa sababu mimi, bwana shamba mstaafu, nilimwapia kwamba jua kali hukoleza mafuta ya waridi. Si kweli. Kule joto hupeperusha harufu kabla hujamaliza kuchuma. Mafuta mazuri hutoka huku Kibosho, kwenye baridi na umande. Nililijua hilo, ila shamba la Kahe nililichagua mimi na nikaona haya kukiri.

Anjela akacheka. “Miche nilishaipanda huku, baba. Kahe naweka vitunguu. Mama alisema tukuache tu ujisikie mtaalamu.”

Kumbe siri niliyoogopa kufa nayo inajulikana mpaka jikoni.