Fremu Niliyompa Mama Neema

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini mdomo umezoea.

Ule mstari wa maduka ya zamani pale Kisarawe, wenye milango ya mbao na vibaraza vya saruji, haupo tena. Wamezungushia mabati na kuweka kibanda cha mlinzi. Tangu ulipofariki, watu wa Dar wameupenda mji wetu. Wanashuka kwenye magari yao wanaangalia kiwanja. Duka hawalioni.

Warithi wa yale maduka waliniita mapema mwaka huu. Wakaniambia mstari mzima umepata mnunuzi na utavunjwa, ila nisiseme. Fremu moja ya duka iliyokuwa wazi niipangishe tu, wakati wanasubiri karatasi zikamilike. Wewe uliyenifundisha udalali ulikuwa ukimwonyesha mpangaji hadi bati linalovuja, kabla hajauliza. Nilikumbuka. Nikakubali hivyo hivyo, kwa sababu niliogopa watampa kazi dalali mwingine na mtaa wote utanitoka.

Niliyempeleka ni Mama Neema, mjane wa Kibuta, aliyeuza shamba lake la mihogo ili afungue duka la vitenge. Alizunguka mle ndani akigusa kuta, akaniuliza kama atakaa muda mrefu.

"Hapa utazeekea," nikamwambia. Nililisema kwa ile sauti yako ya taratibu, Mungu anisamehe.

Akapaka rangi. Akapigilia rafu. Hata miezi mitatu haikuisha, notisi ikaja. Siku ya kuhama nilimkuta kibarazani, amekaa juu ya marobota yake. Akanishika mkono.

"Pole, dada. Kumbe na wewe walikudanganya."

Pole yake nikaipokea, Bi Mwajuma. Nikambebea na robota moja hadi kwenye bajaji, naye akanishukuru.

Nilikaa na ile pole wiki nyingi. Jumamosi iliyopita nikaenda Kibaha, pale kituoni Kwa Mathias, ambapo Mama Neema sasa anatandika vitenge chini kando ya barabara, mabasi yakimpulizia moshi. Nikachuchumaa nikamwambia kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakupaza sauti. Alikung'uta kitenge kimoja, akakikunja polepole, akakiweka juu ya vingine.

"Sogea," akasema. "Unawaziba wateja."

Nikasogea. Nilivuka barabara nikasimama upande wa pili, sijui nilikuwa nasubiri nini. Hakuniangalia tena.

Mnunuzi naye amenitafuta, anataka nimpatie wapangaji wa jengo lake jipya. Nimemkatalia. Usidhani ni ushujaa, nilikata simu kabla hajaniuliza sababu. Na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyenipigia.

Sasa nazunguka Mlandizi, natafuta fremu ambayo mwenyewe anaishi nyuma yake na hana mpango wa kuuza. Nauliza majirani kwanza. Bado sijapata. Nakuahidi nikiipata nitamtuma mtu mwingine ampeleke Mama Neema, bila kulitaja jina langu, maana mimi hataki kuniona na ana haki.

Pumzika, Bi Mwajuma. Kaburini kwako sitakanyaga mpaka awe amefungua tena duka.

Uliyemfundisha kazi,
Zuhura