Jibu Moja kwa Kila Aliyeuliza

Papa,

Nilikupoteza miezi saba iliyopita, Ijumaa saa tisa ya mchana, na pamoja na wewe nilipoteza jibu la swali la Mama. Wakati wa vita alikufuata kwenye dirisha lako la koperative ya akiba, pale mtaa wa Kasuku, akauliza kama kaka yake wa Pangi alikuwa amekuja kutoa pesa yoyote, maana ile njo alama pekee ya kujua kama anaishi. Ukamwambia kama ulivyowaambia askari waliokuja kutafuta nani ana pesa: "Mwenye konti aje mwenyewe." Mke wako! Alivuka mto kurudi nyumbani Alunguli analia. Kwa siku ile sijakusamehe bado.

Mjomba alirudi vita vilipoisha, mnene kutuzidi sote. Nikimuuliza kama alifika dirishani wakati ule, anacheka: "Mwana wa dada, ile iko kati yangu na babako."

Sasa usikie. Koperative yako imeingia kwenye simu, na programu inayojibu kule kwenye seva nimeiandika mimi, niliyejifunza peke yangu kwenye simu ya kioo kilichopasuka, maana shule ulimlipia kaka. Ombi likifika, kabla ya kugusa konti yoyote, programu inauliza: wewe nani, simu hii yako, unataka kuona nini hasa? Asiye mwenyewe anapata jibu lile lile, jina liwepo lisiwepo.

Nikapima. Jina lililopo lilikawia theluthi moja ya sekunde zaidi. Mjanja angehesabu, angejua nani ana konti. Hapo nikakukumbuka: hata kwa jina usilolijua kabisa ulifungua daftari, ukalamba kidole, ukapindua kurasa moja moja, askari amekusimamia: "Muzee, fanya mbio!" Nilidhani u mzito. Kumbe ulikuwa unasawazisha muda, kila jina lichukue sawa. Nikaisawazisha programu vilevile, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Madaftari ya vita nayo yako ndani ya seva. Kwa ufunguo wangu wa majaribio, ninaandika mstari mmoja tu wa amri na ninamwona Mjomba, mwezi kwa mwezi. Mama ananisukuma: "Angalia basi, nani atajua?" Sijaangalia. Nakuahidi sitaangalia, konti si yangu. Lakini ufunguo unafutwa Jumatatu tukifungua kazi, na mpaka saa ile kidole kinaniwasha.

Lala vizuri, Papa. Mimi ni mtoto wako, usiniweke kwenye foleni. Ulijua kama Mjomba anaishi, ndiyo ao hapana? Nijibu hata kwa ndoto, kabla ya Jumatatu saa mbili kamili ya asubuhi.