Picha ya Fundi Taa

Kaka mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo? Wifi naye, na binti yenu ambaye mpaka leo sijamwona? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza asubuhi, nikanyanyuka, nikarudi, nikanyanyuka tena.

Bado nipo makumbusho. Siku hizi tumefungua duka la mtandaoni: watu wanachagua picha za zamani, sisi tunazichapa na kuwatumia. Mimi ndiye mfungaji wa vifurushi. Stoo nzima inanuka gundi, na tepu inanigandia hadi kwenye nywele.

Juzi likaingia agizo la picha ya Baba, ile ya ujanani, amepanda ngazi anabadilisha taa ya barabarani huku akicheka. Chini imeandikwa "Fundi taa" tu. Nikafurahi kwamba kuna mtu kampenda Baba yetu bila kumjua. Kusoma jina la mteja, kumbe ni wewe! Tena umeagiza saizi kubwa kuliko zote.

Nilikaa sakafuni. Tangu Baba akatae kuja harusini kwako, eti kwa nini unaoa mwanamke mwenye mtoto, hatukujua hata unaishi mji gani. Sasa anwani yako ilikuwa mkononi mwangu, na mkuu wetu alishatuonya kwamba anwani ya mteja ni siri. Atakayeitoa afungashe virago.

Nilijizuia mchana kutwa. Jioni nikamwambia Baba picha yake imepata mnunuzi. Akauliza nani. Nikasema mteja. Akaona machozi yangu, akauliza ni mteja gani huyo. Unanijua, Kaka, uongo haunikai mdomoni; nikakutaja.

Aliisukuma chai yake pembeni. Kisha akauliza kama umeagiza kubwa au ndogo. Nilipomjibu, akaingia chumbani kupiga pasi shati.

Sasa nikwambie ukweli. Kifurushi hiki chenye picha na barua hii hakipiti posta. Anwani nimeitoa, na mkuu nitamweleza mwenyewe, liwalo na liwe. Anayekileta ni Baba. Atamwachia mlinzi wa jengo lenu, kama ulivyoelekeza kwenye agizo, halafu atasubiri ng'ambo ya barabara. Kasema hapandi juu bila kuitwa. Samahani hutaisikia upesi, mdomo wake unaujua. Ila tangu jana ananiuliza binti yenu anapenda nini.

Chungulia dirishani, Kaka, kisha ushuke na binti yenu.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Akupendaye,
Mdogo wako, mfunga vifurushi