Mke Mwenzangu Ananiita Dada

Jumanne, 5 Julai 2016
Nimemwosha Mama Poni, nimempa uji. Viatu alivaa kinyume tena. Mume wetu aliponioa mimi, mke wa pili, kule Uganda uhamishoni, mwanamke huyu alinifukuza jikoni. Watoto wangu walikula mvuani. Leo amenishika mkono akaniita Jokudu, dada yake aliyefia Arua. Sikumsahihisha. Nilifurahi. Aibu.

Alhamisi, 7 Julai
Zahanati, hapa mtaani kwetu Malakia. Presha iko juu sana. Daktari anasema ni ya miaka mingi, imeharibu mishipa midogo ya damu kichwani. Ndiyo maana anasahau kwa ghafla: wiki nzima yuko sawa, kisha kitu kimoja kimepotea. Nikauliza kama dawa itamrudishia kumbukumbu. Kilichopotea huenda kisirudi, akasema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Vidonge vya siku tatu tu, stoo imeisha. Turudi Jumatatu.
Swali langu hasa sikulitoa. Atakumbuka kunichukia?

Jumapili, 10 Julai
Vita vimeingia mjini, mizinga inalia tangu asubuhi. Hakuna kanisa. Tumelala sakafuni wawili, kifua changu mgongoni kwake. Anauliza nani anabisha hodi hivyo. Vidonge viliisha jana.

Jumatatu, 11 Julai
Mdomo wake ulipinda asubuhi. Neno halikutoka, karibu saa nzima. Kisha likarudi. Zahanati imefungwa. Niliogopa kuliko jana.

Jumatano, 13 Julai
Bunduki zimenyamaza. Nimemwacha kwa jirani, nimetembea hadi mtaa wa Sherikat, ng'ambo ya daraja, kutafuta dawa. Askari walinisimamisha mara mbili. Njiani niliwaza: bila dawa nitabaki dada yake. Niliwaza hivyo, kweli. Miguu haikusimama. Duka moja la dawa lilikuwa wazi. Nimepata vidonge vya mwezi mzima. Nilipofika nyumbani nilimpa kimoja kabla sijavua kitambaa cha kichwa.

Jumapili, 24 Julai
Presha imeshuka. Daktari amerudi, amepima mwenyewe.
Mchana Mama Poni alikuwa anamenya karanga kivulini. Akaniangalia muda mrefu.
"Wewe si Jokudu," akasema. "Wewe iko Kiden."
Jina langu. Nikasubiri matusi. Akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi.
"Kaa. Karanga iko mingi."
Sijui anakumbuka kiasi gani. Sikuuliza. Tulimenya mpaka kivuli kikahama, tukahamisha mkeka.