Gumba Yenye Ilibaki Bila Verni

Siku ya kwanza, lundi 13 janvier
Telefone tatu za kutengeneza toka asubui, zote haziingize chaji. Mukiriya mumoja aliangalia mikono yangu: "Dada, panya njo inakulaka vidole yako?" Batu bakacheka. Nami nikacheka. Haya ilinichoma.

Nikikosa kazi, kidole moja inatafuta ingine, inachuna kucha mpaka damu. Toka utoto. Mikono yangu haijuake kukaa.

Trésor, kijana mwenye kupaka bamama kucha, alipita na kasanduku yake ya verni, anagonganisha machupa: tin-tin-tin. Bamama banamuita, anakaa chini, anashika mukono yao kama vile yayi. Mimi nilificha yangu chini ya meza.

Nataka anishike mukono. Njo hivyo. Nimeandika.

Siku ya posho, samedi 25 janvier
Kutengeneza telefone nilijifundisha mimi peke yangu. Basi na hii ya kuacha kuchuna kucha nitajifundisha! Nilipaka pilipili kwa vidole. Nikasahau, nikapangusa macho. Kulia mbele ya bakiriya! Yaya Neema, dada yangu mukubwa, mwenye kibanda: "Weye kazi ni kuchimba tu. Telefone, kucha, kesho utachimba ukuta."

Pilipili basi. Sasa nafunga vidole na papier collant, karatasi ya kunata.

Siku ya ine, 13 février
IMEOTA!! Zote! Iko na mikunjo kama mabati, lakini ni kucha. Nilifungua kifuniko ya telefone bila kisu. Nilipiga kelele, Yaya akaangusha chai.

Trésor aliuliza mimi nitamuita siku gani. Nikasema karibu na tarehe nane ya mars, sikukuu ya bamama. Ziongezeke kidogo kwanza. Nangoja. Kungoja ni mubaya.

Siku ya ine, 6 mars
Yaya anakaanga mandazi, anasema hivi tu: Trésor anahamia Kpandroma, kaka yake iko na duka kwa soko kule. Anaenda kesho kutwa.

Mpaka lini? Yaya: "Nilimuuliza, mimi?"

Nikaangalia chini. Gumba ya kuume iko na damu. Nimeichuna yote. Sikusikia hata. Mupumbavu mimi. Mupumbavu.

Siku ya tano, 7 mars
Tin-tin-tin. Sauti yangu ilimuita mbele mimi niamue.

Mukono yake iko na joto, inanuka asetone. Akapaka nyekundu juu ya mikunjo, polepole, kidole kwa kidole. Kufika kwa gumba, nikataka kuivuta. Akaishika.

"Hii iko na kidonda, verni itakuchoma."

"Na weye unaenda."

"Iache iote. Nitakuja kuipaka mimi. Usiite mwengine."

Akafunga machupa. Nilibaki na vidole wazi, zikauke. Zilikauka zamani, mimi bado niko wazi.

Siku ya Mungu, 13 avril
Sikukuu ya Matawi. Mvua asubui.

Verni imepanda, imevunjika-vunjika. Chini yake kucha mupya imetoka bila rangi, upana kama punje ya muchele. Hiyo njo wakati yenye yeye haiko. Yaya anasema nitoe, ni mubaya. Sitoe.

Gumba imeota nzima. Haina kitu.

Kisha misa, tin-tin-tin kwa barabara. Nilikimbia mpaka mulango. Mupaka-kucha mwengine. Akaona mukono yangu, akacheka: "Dada, hii moja walisahau? Nipake?"

Nilifunga ngumi, gumba ndani.

"Hapana. Iko na mwenyewe."

Nikarudi kukaa. Mikono nayo ikakaa.