Taa za Baba na Mlevi wa Mtaroni

Mheshimiwa Baba, Waziri wa Barabara wa nyumba hii,

Shikamoo. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika kwa sahani. Ufunguo wa lori usiutafute, ninao mimi. Mchana fundi atakuja kung'oa zile taa mpya, tafadhali usimfukuze. Redio imetangaza tena: waliozitengeneza wanaomba zirudishwe, maana zinawapofusha wanaokuja mbele. Najua, utasema ni wivu wa wenye taa za koroboi.

Nimempeleka Mama zahanati. ~~Ameteleza bafuni.~~

Hapana. Nimechoka kutunga, na nguo zenye matope ziko kwenye beseni, utaziona tu.

Asubuhi ulitusimulia habari za mlevi wa baiskeli aliyejitupa mtaroni ulipokuwa unapeleka lori kuegesha. Ulicheka mpaka chai ikakupalia. Mama alikuwa amesimama nyuma yako, ametoka zamu ya usiku ya kuoka mikate, mkono umevimba. Ulipolala ndipo akaniambia, "Niliona weupe mtupu, mwanangu. Mwache baba yako apumzike, ametoka mbali."

Baba, taa zako unazisifu kwamba zinaona mpaka kesho. Mkeo, ndani ya koti la mvua, hazikumwona.

Baiskeli bado iko mtaroni. Ukiamka, kaichukue. Kwa miguu.

Ni mimi,
mtoto wa mlevi